Kipimo cha minyoo: damu au kinyesi?

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Nafuga mbuzi na ng'ombe wawili wa maziwa huku Konde, Pemba. Mbuzi nimewanywesha dawa ya minyoo, wiki ya tatu hii. Kijana wangu aliyeko Dar es Salaam ananambia kuna kipimo cha damu cha kingamwili za minyoo. Nikitumie kujua kama dawa imefanya kazi?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kipimo kipo, ila kwa swali lako hilo hakikufai. Minyoo ikishakufa, kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya minyoo) hubaki kwenye damu wiki nyingi, pengine miezi. Mbuzi aliyepona na mwenye minyoo tele wanaweza kutoa jibu moja. Hata kitoto kilichonyonya dang'a tu hubeba kingamwili za mama yake.

Pimisha kinyesi, mayai yahesabiwe. Hesabu ya kwanza hufanywa kabla ya dawa, ya pili siku 10 hadi 14 baadaye. Mayai yasipopungua kwa asilimia 95, ama dawa imezoeleka na minyoo, ama dozi ilikuwa ndogo (wengi wetu tunakisia uzito kwa macho). Wewe hesabu ya kwanza huna, basi subiri unywesho ujao. Kinyesi kitoe kwenye tundu la haja, usikiokote chini, na kiwekwe kwenye baridi. Joto letu huangua mayai ndani ya siku moja.

Leo hii funua kope za chini za mbuzi wako. Zikiwa nyeupe, shuku Haemonchus contortus, mnyoo unaofyonza damu tumboni. Usingoje waharishe, mara nyingi mnyoo huo hauharishi.

Ng'ombe ni habari nyengine. Kama wanakula majani ya bonde la mpunga, kuna mnyoo bapa wa ini, Fasciola gigantica, unaokulia kwanza ndani ya konokono wa maji. Ukiingia kwa ng'ombe hukaa miezi kadhaa bila kutaga. Kinyesi ni safi na ini linatobolewa. Hapo kingamwili zina faida, kwani huonekana wiki chache baada ya maambukizi, na huweza kupimwa hata kwenye maziwa. Ukikosa kipimo hicho, peleka kinyesi, lakini mwambie mtu wa maabara kuwa unatafuta mnyoo wa ini. Mayai yake ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi kama ya minyoo mingine. Lazima yaachwe yatuame.

Ukionekana, usiwachome ivamektini, ile sindano ya minyoo, haiugusi. Taka dawa yake mahsusi, na uulize maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi.