Anayekosa ibada ndiye msomaji wako

Kama mchungaji amekuita wiki hii akakuambia, "Mwanangu, wewe unajua mambo ya simu, utashika Facebook ya kanisa," basi karibu kazini. Mimi niliitwa hivyo hivyo, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, mwaka 2018, na hakuna aliyenieleza kazi yenyewe ni nini. Nikadhani ni kupiga picha. Nikapiga: mchungaji amenyoosha mkono, korali katika sare mpya, wageni wa heshima kwenye viti vya mbele. Ukurasa ulipendeza kweli. Waliouangalia walikuwa wale wale waliokuwa ibadani, kila mmoja akijitafuta kwenye picha.

Aliyenizindua ni baba mmoja wa kanisa letu anayefanya kazi mgodini, upande wa Fungurume. Zamu zake za usiku zinafuatana, na Jumapili nyingi zinamkuta huko. Siku moja aliporudi nyumbani nikamuuliza, kwa majivuno kidogo, kama ameona video yetu ya Pasaka. Akaniangalia. "Mwana, ile video njo ilikula mega yangu yote, na mahubiri sikuyafikia."

Tangu siku hiyo, kabla ya kupanga chochote, huwa nafungua ukurasa wa kwanza wa daftari na kuandika watu waliokosa ibada wiki ile: wa zamu ya usiku, mama aliyejifungua, mgonjwa, dereva aliyekwama mpakani Kasumbalesa kwenye foleni ya malori, mtoto wetu anayesoma Brussels. Halafu najiuliza huyu atapata nini kutoka kwetu, kwa simu ya namna gani, saa ngapi. Nakushauri uanze hapo hapo. Mawazo ya kuweka ukurasani yatakuja yenyewe, tena mengi kuliko nguvu zako.

Twende kwenye hesabu, maana vijana wengi wanaruka hapa. Ukirusha ibada ya saa mbili kwa megabiti 2 kila sekunde, umetumia karibu giga 1.8, na kila anayeitazama kwa ubora huo mpaka mwisho analipa giga hizo hizo kutoka mfukoni mwake. Dakika 10 za sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kila sekunde, ni mega 2.4 tu. Baba wa Fungurume anaweza kuzipakua akiwa kwenye basi la wafanyakazi na kuzisikiliza mara tatu. Ndiyo maana kwetu sauti ndiyo ugali, video ni mboga.

Sikatazi kurusha moja kwa moja. Ila jua masharti kabla hujamwahidi mchungaji. Tangu Juni 2024 Facebook inataka akaunti iwe na siku 60 na ukurasa uwe na wafuasi 100 ndipo ikuruhusu kurusha. YouTube inataka wafuasi 50 kama unarushia kwenye simu. Na tangu 19 Februari 2025, video mpya zilizorushwa moja kwa moja Facebook zinafutwa baada ya siku 30. Makanisa mengi yaliugeuza ukurasa kuwa sanduku la kumbukumbu. Sasa sanduku hilo lina tundu chini. Ibada ya kuweka wakfu, ubatizo, sikukuu ya korali: pakua, weka kwenye diski, andika tarehe juu yake kwa kalamu.

Mpango wetu wa wiki unatoka katika mahubiri ya Jumapili, na si mahali pengine. Wakati mchungaji anahubiri, mmoja wetu anakaa nyuma na daftari akiandika dakika ambayo watu walinyamaza kabisa, au walicheka, au mama mmoja alisema "eee" kwa sauti. Dakika hizo ndizo tunazokata. Jumapili jioni tunapata kipande cha sauti, na sentensi moja ya kuandika juu ya picha. Jumanne tunakutana nusu saa tu: nani anatuma nini, siku gani. Katikati ya wiki kuna ukumbusho wa maombi, Ijumaa kidogo cha mazoezi ya korali, Jumamosi tangazo la kesho. Hivyo tu. Tulipojaribu kutuma kila siku, wiki ya tatu tulikuwa tunatuma maua yenye mstari wa Biblia ambao hata sisi hatukuusoma.

Kuhusu nyimbo: korali ikiimba wimbo wake yenyewe, kwa vyombo vyake, huna tatizo. Ukiacha muziki wa msanii fulani ucheze nyuma kabla ya ibada, Facebook inaweza kuzima sauti au kukata ibada unayorusha katikati. Mwambie fundi wa sauti mapema, kwa heshima, maana mafundi wa sauti wana roho nyepesi.

Mvua nayo iingie kwenye kalenda. Kuanzia Novemba hadi Machi hapa kwetu mvua ikishuka juu ya mabati wakati wa mahubiri, hutapata sauti yoyote ya maana hata uwe na kipaza sauti kizuri namna gani. Umeme nao una tabia zake. Kwa hiyo wakati wa kiangazi tunarekodi akiba: mafundisho mafupi ya dakika 5, mama mzee akisimulia kanisa lilivyoanza chini ya mwembe, watoto wa shule ya Jumapili wakitaja vitabu vya Biblia kwa mdundo. Vipande kumi hivi vinatuvusha Januari na Februari. Vilevile sitengenezi kitu usiku wa kutuma. Umeme ukiwepo natengeneza vya siku nne, navipanga katika Meta Business Suite, programu ya Facebook ya kusimamia kurasa, vijitume vyenyewe, na simu nachaji ijae.

Halafu saa. Tuliwahi kuandika tangazo la semina ya akina mama: "saa tatu". Wengine wakaja 9h00, wengine ambao Kifaransa kimewaingia wakaja 15h00 na kukuta viti vinakunjwa. Siku hizi tunaandika 9h00, na kama kuna walio mbali tunaongeza "saa ya Lubumbashi". Sisi tunaitangulia Kinshasa kwa saa moja. Brussels tuko sawa nayo wakati wao wa joto, wakati wa baridi tunaitangulia kwa saa moja. Yule mwanafunzi wetu alikosa maombi mawili kwa ajili ya hiyo saa moja.

Lugha? Mtasikia mabishano mengi. Kijana anataka Kifaransa ili ukurasa uonekane wa watu waliosoma. Mzee anataka Kiswahili bora cha Biblia. Nyumbani wote wawili wanasema Kiswahili cha Lubumbashi. Mimi naacha mstari wa Biblia kama ulivyo, tangazo naliandika kwa Kiswahili chepesi na Kifaransa chini yake, na sauti ya mchungaji siigusi hata akichanganya lugha tatu katika pumzi moja. Ndivyo watu wanavyomjua.

Sasa nisimulie jambo ambalo sipendi kulisimulia. Mwaka wangu wa tatu, mama mmoja wa kanisa alifariki Jumamosi alfajiri. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimeweka picha yake na mshumaa na maneno mazuri. Binti yake alikuwa Kolwezi. Familia ilikuwa imemtuma mjomba asafiri akamwambie uso kwa uso, amkalishe kwanza, kama inavyofanyika kwetu. Mjomba alikuwa bado barabarani binti alipoiona ile picha kwenye WhatsApp, akiwa peke yake sokoni. Nilikwenda kwenye kilio nikakaa na wanaume nje, na hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo lilikuwa zito. Sasa habari ya kifo haitoki mpaka mtu wa familia aseme "mnaweza kutangaza", na jina lake naliandika daftarini pamoja na saa.

Kanuni hiyo hiyo tukaipeleka kwenye mambo mengine. Mtu anayelia madhabahuni hapigwi picha ya karibu. Mgonjwa aliyetoa ushuhuda anaulizwa tena Jumatatu, akiwa ametulia, kama bado anataka ugonjwa wake utajwe. Wengi Jumatatu wanasema hapana. Watoto, tunamuuliza mzazi. Nchi yetu sasa ina Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, ordonnance-loi namba 23/010 ya 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya taarifa binafsi za watu. Hata kundi la WhatsApp lina hatari yake: kila aliyemo anaona namba za wenzake wote, na akina dada zetu walianza kupigiwa usiku. Tukahamisha matangazo kwenye chaneli ya WhatsApp, ambako wafuasi hawaonani namba. Kundi likabaki la viongozi.

Kalenda ya mwaka itengeneze mara moja, Desemba, ukiwa na mchungaji mezani. Pasaka inahama: 2026 ni 5 Aprili, 2027 ni 28 Machi, kwa hiyo kila kitu cha kabla yake kinahama nayo. Sikukuu za nchi ziandike pia. 1 Agosti, siku ya wazazi, watu wanaamkia makaburini kusafisha, mchana wanawashangilia wazazi walio hai. Ukituma siku hiyo tangazo la kuchangia mabati, utakuwa umewakosa wote.

Kuhusu sadaka: ukurasa hauombi pesa katika ujumbe wa siri, kamwe. Liandike hilo juu kabisa na ulirudie, maana kuna watu wanachukua picha ya mchungaji, wanafungua ukurasa unaofanana, na kuwaandikia wajane watume pesa kwa simu. Mama mmoja wetu alituma mara mbili kabla hajamuuliza mtu.

Na kujibu. Kila siku mtu mmoja ana zamu ya kusoma ujumbe. Anayeandika saa 23h00 "niombeeni" hataki picha ya mikono iliyokunjwa. Mwulize jina, mwambie nani atampigia kesho, kisha mpe mchungaji au mama wa maombi namba yake, kama amekubali.

Mwisho, nywila. Ukurasa wetu wa kwanza alikuwa nao kijana mmoja peke yake, kwenye namba yake ya simu. Akahamia Afrika Kusini, ile namba ikafa, na msimbo (code) wa kufungulia ukawa unakwenda kwenye namba hiyo hiyo iliyokufa. Wekeni wasimamizi wawili au watatu wenye mamlaka kamili, na mmoja wao awe mtu mzima asiyehama hama. Ule ukurasa wa zamani bado upo hadi leo. Juu yake kuna tangazo la mkesha wa Pasaka ya 2019, na chini yake watu bado wanaandika wakiomba wapigiwe.