Muulize Fundi wa Sauti: wimbo wa bibi, chumba cha Tabata na ototuni iliyomkera mzee

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni dada nakaa Tabata, nataka kurekodi ule wimbo wa kubembelezea mtoto aliokuwa anatuimbia bibi yetu Tanga, mdogo wangu anapiga gitaa la mbao mimi naimba. Tuna laptopu, maiki moja ya USB na hedifoni basi. Tumejaribu kurekodi ila nasikika kama niko bafuni, alafu ukiweka kwenye simu gitaa linanifunika kabisa. Jirani kasema nibandike trei za mayai ukutani, ni kweli zinasaidia? Na kumiksi naanzia wapi, nimeangalia video mpaka kichwa kinauma kila mtu anasema lake.

JIBU: Nzuri dada yangu. Trei za mayai achana nazo, najua studio nyingi za mtaani zimezibandika mpaka darini ila lile ni boksi jepesi tu, linapunguza kidogo sauti nyembamba za juu, na hiyo "bafuni" unayoilalamikia inakaa chini zaidi, kama hezi 200 mpaka 500 (hezi ni kipimo cha sauti, ndogo ni nzito, kubwa ni nyembamba), huko trei haifiki. Utapoteza hela na mende watakushukuru.

Chumba chako nakiona hata bila kufika, ukuta wa tofali na plasta, chini tailizi, juu jipsamu, sauti ikitoka mdomoni inagonga inarudi inagonga tena, na maiki inazipokea zote. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali, ukisikia kamlio kanakimbia kama "trrr" ndo hako. Na kakishaingia kwenye rekodi hakatoki dada, hakuna kitufe cha kumiksi kitakachokatoa vizuri, ndo maana jibu langu kubwa liko kabla hujabonyeza rekodi na la kumiksi litakuwa fupi.

Chukua godoro ulisimamishe NYUMA YAKO, sio nyuma ya maiki. Hapa watu wengi wanakosea, wanatundika blanketi nyuma ya maiki wakati maiki nyingi za kuimbia zinasikia upande wa mbele, maana yake inakutazama wewe na ule ukuta ulioko mgongoni kwako, huo ndo wa kuziba. Kama una kabati la nguo lifungue wazi liwe ubavuni, kitanda usikitoe, na ukiwa na duveti zito litundike likae mbali kidogo na ukuta badala ya kulibandika, linafanya kazi zaidi. Khanga na mkeka ni vyepesi mno, pambia tu.

Umbali wa mdomo na maiki uwe kama shubiri moja. Ukienda mbali chumba kinaingia, ukikaribia sana sauti inakuwa nzito kama ya mtangazaji wa mpira na kila "p" na "b" inapiga kishindo. Kwa hizo "p" chukua henga ya waya uikunje duara uivike soksi ya nailoni, uiweke katikati ya mdomo na maiki, inatosha kabisa, na uimbe ukiwa umegeuka kidogo pembeni usipulize maiki usoni.

Kelele za Dar unazijua kuliko mimi, bodaboda, kunguru, baa ya jirani, mtu anaita maji. Zima feni, zima friji ukumbuke kuiwasha, na lenga usiku kama saa tano kwenda mbele, wimbo wa kubembeleza mtoto hata majirani hawatagomba. Mvua ikianza kwenye bati pumzika tu, hiyo huishindi. Joto litakutesa maana madirisha yamefungwa na feni haipo, kwahiyo rekodi ubeti mmoja mmoja, fungua upate hewa, rudi. Laptopu itoe kwenye chaja wakati unarekodi, kale kamvumo ka "mmmm" mara nyingi kanatokana na umeme wa ukutani, hezi 50, ukitumia betri kanapotea. Na kila ukianza acha sekunde kama tano za kimya kabla ya kuimba, utazihitaji ukitaka programu ipunguze mvumo wa chumba, ila ipunguze kidogo tu, ukizidisha unasikika kama unaimba ndani ya maji.

Sasa gitaa. Kwa sababu maiki ni moja fanya hivi, kwanza rekodini wote wawili pamoja kama mwongozo tu, hata ikiwa mbaya. Alafu mdogo wako avae hedifoni apige gitaa peke yake akisikiliza mwongozo, mkimaliza na wewe uimbe ukisikiliza gitaa, mwongozo mnaufuta. Maiki ya gitaa ielekee pale shingo inapoungana na mwili, karibu na kizuizi cha 12, shubiri moja au moja na nusu. Usiielekeze kwenye tundu, pale kunatoka "buum" ambalo utalichukia wakati wa kumiksi. Nyuzi za Dar zinashika kutu haraka kwa hii hewa ya chumvi, weka mpya siku moja kabla ili ziwe zimeshatulia, na apime tyuni kila kabla ya kurudia. Na ki, yaani wimbo uanzie juu au chini kiasi gani, chagueni inayokufaa wewe mwimbaji, wimbo wa kubembeleza mtoto ukiimbwa kwa kukaza shingo mtoto anaamka.

Programu yoyote itatosha, Audacity ni ya bure, BandLab ni ya bure na inakaa hata kwenye simu, Reaper unaijaribu siku 60 kabla ya kudaiwa. Kwenye ubora wa rekodi weka biti 24, hezi 48,000 kama utaweka na video, na geini, yaani nguvu ya maiki, iwe kiasi kwamba ukiimba kwa nguvu kabisa mshale unafika kati ya desibeli -12 na -6. Watu wanapenda mshale ukaribie juu wakidhani ndo sauti nene, alafu kwenye kiitikio sauti inapasuka, na iliyopasuka imepasuka.

Kumiksi. Gitaa linakufunika kwenye simu kwa sababu spika ya simu haina besi, yaani kila kitu kinabanana katikati, palepale maneno yako yanapokaa ndipo na mkono wa gitaa unapochacharika. Kwahiyo kitu cha kwanza usipandishe sauti yako, SHUSHA gitaa. Alafu kwenye ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, kata chini ya hezi 80 mpaka 100 kwenye sauti yako, huko hamna kitu zaidi ya mvumo na mtu anayetembea. Kwenye gitaa punguza desibeli mbili au tatu kwa upana kwenye hezi 2,500 mpaka 3,000, utasikia maneno yanatokeza bila wewe kupandisha chochote. Kama bado kuna ububu tafuta kwenye 300, punguza kidogo pande zote mbili.

Kabla ya kompresa, ile inayobana sauti zinazozidi, pita na mkono kwanza, neno lililozama lipandishe, lililopiga kelele lishushe, ni kazi ya kuchosha ila ndo inayotofautisha. Baada ya hapo kompresa ya 3 kwa 1, ishushe desibeli tatu mpaka sita kwenye sehemu za nguvu, basi. Ukitaka upana, mdogo wako apige gitaa MARA YA PILI kweli, moja ipeleke kushoto nyingine kulia na wewe ukae kati. Kunakili ileile na kubandika hakuleti upana wowote, inaongezeka volyumu tu. Alafu sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vimechanganywa kuwa sauti moja, manake wasikilizaji wako wengi wako kwenye simu moja au spika moja ya Bluetooth juu ya friji, kama gitaa linayeyuka kwenye mono kuna moja irudiwe.

Mwangwi weka kidogo, mpaka uuhisi, alafu urudishe nyuma kidogo tena. Nyimbo za namna hii zinaharibiwa na watu wanaotaka zisikike kama ukumbi wa mkutano, bibi alikuwa anaimba pembeni ya mtoto sio jukwaani. Ukimaliza shusha volyumu mpaka karibu na kimya, ukiwa bado unayasikia maneno yote miksi imekaa.

SWALI: Kaka fundi mambo vipi, mimi ni kijana wa Kimara, kwetu Dodoma. Nilirekodi wimbo wa kigogo wa zamani nikapeleka kwa prodyuza akaweka ototuni na biti, nikamtumia babu kwa simu akasema huo sio wimbo wetu, umeimbwa vibaya. Mbona prodyuza anasema sasa ndo niko kwenye ki? Nani yuko sahihi?

JIBU: Babu. Na sisemi hivyo kwa heshima tu.

Ototuni ya kawaida inajua noti 12 za piano, ukiimba katikati inakuvuta kwenye ya karibu. Nyimbo za Wagogo hazikujengwa juu ya piano, noti zake zinafuata zile sauti za asili zinazotoka uzi mmoja ukigawanyika, ndo maana zeze na sauti ya muimbaji vinakaa pamoja vizuri vile. Mojawapo, ile ya saba katika mpangilio huo, iko chini kama senti 31 kulinganisha na noti ya piano iliyo jirani yake, senti hapa ni kipimo cha noti sio hela, na nusu noti nzima ni senti 100, kwahiyo ni karibu theluthi ya nusu noti. Mashine inaona kosa, babu anasikia ladha yenyewe. Prodyuza akaisahihisha, kumbe ndo ameitoa roho. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha Bagamoyo, alifariki 2003 na rekodi zake zipo, sikiliza sauti yake ikipanda na ilimba, kile kinanda cha kupiga kwa vidole gumba, alafu ujaribu kuiwazia na ototuni.

Kwahiyo rudia bila ototuni. Kuna neno limetoka nje kweli liimbe upya, ni haraka kuliko kulitengeneza. Shida yako itakuwa gitaa kwa sababu vizuizi vyake vimepangwa kwa piano, kwahiyo usipige kodi zilizojaa (nyuzi zote kwa pamoja), piga nyuzi mbili tatu tu, noti ya chini na ile ya tano kutoka kwake, iwe kama mvumo wa kukubeba, ile noti ya ubishi iachie sauti yako peke yake. Ukipata mtu wa zeze au ilimba gitaa lipumzike kabisa.

Kitu kingine, waitikiaji. Wengi wetu tumelelewa na kwaya za kanisani tunaweka sauti ya pili kwenye noti ya tatu kutoka ya kwanza bila hata kufikiri. Wagogo wanaimba kwa kuruka noti, zinatokea sauti zilizoachana kwa noti nne na tano zikienda sambamba, ndo ule ugumu mtamu unaosikia. Jirekodi mwenyewe mara tatu nne kwa namna hiyo, kila mara rudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki, zitawanye kushoto na kulia. Na usilazimishe metronomu (ile milio ya kuhesabia mapigo) ya nne kwa nne, kama wimbo unatembea kwa tatu tatu weka 6/8, au bora zaidi mtu apige kayamba wimbo mzima kama mwongozo mfuate huo. Prodyuza akitaka kunyoosha makofi yakae kwenye mistari ya kompyuta mwambie ayaache yalivyo.

SWALI: Fundi nikirekodi nikiwa nimevaa hedifoni za Bluetooth sauti yangu inachelewa kila mara, simu mbovu?

JIBU: Simu nzima. Bluetooth inachelewesha sauti, mara nyingi kati ya sehemu ya kumi na robo ya sekunde, kusikilizia haina shida, kuimbia haifai kabisa. Nunua za waya, hata za bei ya chini zinashinda hizo kwa kazi hii, ila ziwe zinaziba sikio ili gitaa lisivujie kwenye maiki.

SWALI: Nikiimba wimbo wa jadi nikaupandisha mtandaoni nikapata hela kuna mtu atanidai? Nakaa Mbagala.

JIBU: Inategemea kama ni wa jadi kweli. Malaika wengi wanauita wa jadi, Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza dunia nzima, Boney M nao wakauimba, na mpaka leo ubishi wa nani hasa aliutunga haujaisha, jina la Adam Salim linatajwa sana. Wimbo wa namna hiyo una wenyewe, na hapa kwetu haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwahiyo "umeimbwa tangu niko mdogo" sio ushahidi.

Hata wa ngoma usio na mtunzi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi pia, hasa ukiutumia kibiashara, kwahiyo kabla hujawasha matangazo pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize, na ukifika hapo uliza na kuhusu kusajili rekodi yako wewe. Kwenye maelezo andika ni wimbo wa wapi na nani alikufundisha. Na usichukue kipande cha rekodi ya mtu mwingine ukakiweka chini ya sauti yako, hata wimbo ukiwa wa jadi rekodi ile ni mali ya aliyeirekodi, hapo mtandao wenyewe unakukamata kabla ya binadamu.