Bendera ya mwenyeji hukaa kulia

Ndugu, ukitoka Entebbe kwenda Mwanza kwa boti ya Uganda, bendera ya Tanzania unaipandisha kwenye kamba ya mlingoti, upande wa kulia ukitazama omo, yaani mbele ya chombo. Ya Uganda inabaki tezi, yaani nyuma, haiguswi, kwa sababu hiyo ndiyo inayosema chombo ni cha nchi gani; ya kulia ni heshima tu kwa mwenye maji. Boti isiyo na mlingoti huiweka kwenye kijiti cha omo. Nimeendesha boti za watalii hapa ziwani, na mabaharia wa baharini wanafuata hivyo hivyo.

Ila wengi wanaruka hatua ya kwanza: unaingia na ile ya njano tupu, maana yake chombo hakina maradhi na kinaomba ruhusa. Ukishamalizana na uhamiaji na forodha unaishusha, ndipo unapandisha ya mwenyeji. Na iangalie vizuri kabla ya kuifunga, jamani: kijani cha Tanzania kiko juu upande wa kamba, buluu chini. Iliyopinduka au kuchanika ni matusi, bora usiweke kabisa. Hii ni desturi zaidi kuliko sheria ya kimataifa, lakini ziko nchi zinazoidai kisheria.