Bafa ya GDB: aachie nani?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kiraka chako (mabadiliko ya msimbo) cha GDB, programu ya kuchunguza hitilafu za programu nyingine, kinaanguka kila fanksheni ya kusoma kumbukumbu inapomaliza, na kama ni wewe au aliyeita ndiye wa kuiachia bafa, yaani kurudisha kile kipande cha kumbukumbu kilichotengwa kwa muda. Nadhani mmeiachia wote wawili, na kuachia mara mbili ni kosa.

Chukulia baiskeli ya kukodi pale Ngamiani, Tanga. Wengi wanaweza kuipanda, ila anayeirudisha ni aliyeikodi. Pointa tupu, yaani anwani ya kumbukumbu peke yake, haisemi nani kakodi. Ndiyo maana zamani GDB ilijaa make_cleanup (fanksheni ya kupanga usafi wa baadaye), na maoni juu ya fanksheni yakikwambia aliyeita aachie. Nani anasoma maoni saa nane usiku?

Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, GDB ilianza kutaka C++11 (toleo la lugha ya C++), kwa hiyo acha aina ya data yenyewe iseme nani mmiliki. Kumbukumbu iliyotoka kwa xmalloc (malloc ya GDB, ya kutenga kumbukumbu) irudishe ndani ya gdb::unique_xmalloc_ptr, pointa inayomiliki kumbukumbu na kuiachia yenyewe, siyo std::unique_ptr ya kawaida. Hiyo ya pili itaita delete, na kitu cha malloc kinataka free. Kuvichanganya ni kosa hata kama kwenye mashine yako kunapita kimya.

Kwa baiti za programu unayoichunguza mimi hutumia gdb::byte_vector (safu ya baiti inayojiachia yenyewe) tu. Haipotezi muda kujaza sifuri, na hitilafu ikirushwa katikati ya kusoma, inajisafisha.

Ukiita release kwenye unique_xmalloc_ptr, umekabidhiwa baiskeli na deni lake. get ni kuazima tu, usiachie. Hebu bandika mistari yako ya mwisho. Nashuku una xfree (free ya GDB) juu ya get.