Kabla hujanunua bodi nyingine, futa 9600

Juzi kuna mdogo wangu mmoja, anasoma chuo hapa Dar, ameniandikia. Anapima mtikisiko wa pampu ya maji kwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, na sensa ya mtikisiko ya ADXL335, na chati yake inasema pampu inatikisika kama mara 25 kwa sekunde. Msimamizi wake kamwambia Uno ni ya kuchezea, atafute bodi ya maana. "Kaka, hela ya bodi nyingine sina. Nifanyeje?"

Nilicheka, halafu hasira zikanipanda. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele ya mteja.

Ilikuwa Sinza, kwenye ghorofa lenye wapangaji wengi. Pampu ya kupandisha maji kwenye matangi inaunguruma mpaka mama mwenye nyumba halali. Nikaenda na kiboksi changu: bodi ya kopi ya Kariakoo, ile Uno yenye chipu ya CH340 ya kuunganishia USB. Nikamkuta injinia wa kampuni fulani, amependeza, funguo za gari mkononi. Akakiangalia kiboksi, akamgeukia mama: "Hivi si ni vitu vya watoto wa sekondari?" Mama akanitazama. Nikakunja nyaya zangu, nikapanda daladala. Nakiri mpaka leo inaniuma, na wanaoniambia nisahau hawakuwepo.

Tuje kwenye hesabu, maana hesabu haina funguo za gari.

Mota ya pampu ndogo kama ile, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika, yaani mara 48 kwa sekunde. Kuuona mzunguko huo ni lazima usome sensa zaidi ya mara mbili yake, yaani zaidi ya mara 96 kwa sekunde, na ukitaka chati inayoeleweka, mara mamia. Sasa tazama mstari ambao karibu sote tunaunakili bila kuuliza: Serial.begin(9600). Huo ndio unaopanga kasi ya kutuma data kutoka bodi kwenda laptopu, biti 9600 kwa sekunde. Kila baiti husafiri na biti 10: nane za data, moja ya kuanzia, moja ya kumalizia. Kwa hiyo 9600 ni baiti 960 tu kwa sekunde. Mstari wa data kama 512,498,601, yaani usomaji wa pande tatu za sensa, pamoja na alama mbili za kufungia mstari, ni baiti 13. Gawanya, unapata mistari 73 na ushee. Bafa, yaani foleni ya data inayosubiri kutumwa, kwenye Uno ni baiti 64. Ikijaa, Serial.print inasimama na programu nzima inasimama nayo, inasubiri kama abiria wa Mbagala saa kumi na moja jioni. Basi hata sensa inasomwa mara 73. Na kitu kinachozunguka mara 48 kikisomwa mara 73, kwenye chati kinajitokeza kama 25, yaani 73 toa 48. Pampu ya mdogo wangu haina ugonjwa wowote wa mara 25. Chati ndiyo inayosema uongo, na bodi inasingiziwa.

Wengi wakishtuka hukimbilia 115200. Ni afadhali, ila kwenye Uno siipendi. Namba hiyo ni ya kristali, kipande kinachopiga mapigo ya saa ya chipu, ya megahezi 1.8432 iliyokuwa kwenye siriali ya IBM PC ya 1981: igawe kwa 16, unapata 115200 kamili. Uno ina kristali ya megahezi 16, na kutoka hapo kasi ya karibu kabisa unayoipata ni 117647, imezidi kwa asilimia 2.1. Mara nyingi inapita, lakini inapita ukingoni. 230400 ni mbaya zaidi, inakosea asilimia 3.5. Kumbe 250000, 500000 na 1000000 zinatoka kamili, bila kosa lolote. Hili sikufundishwa darasani. Limo kwenye majedwali ya datashiti ya ATmega328P, chipu kuu ya Uno, na yeyote anaweza kuyafungua, hata mainjinia.

Mimi nilikaa kwenye 250000. Hizo ni baiti 25,000 kwa sekunde. Mistari 1,000 ya baiti 13 inapita na nafasi inabaki, wakati 115200 ingebeba 11,520 tu na kukwama. analogRead moja, yaani kusoma upande mmoja wa sensa, hula kama mikrosekunde 112, kwa hiyo kusoma pande zote tatu za sensa kunamaliza theluthi ya muda. Nikapanga usomaji kwa micros(), saa ya ndani ya bodi, kila mikrosekunde 1,000. delay(), inayosimamisha programu nzima, niliitupa.

Mama mwenye nyumba alinipigia mwenyewe. Walishamuuzia pampu mpya na mpya nayo inaunguruma. Chati ikatoa kilele kwenye 48 na kingine 96. Tukainama kuangalia kitako, boliti zimelegea. Spana tu. Siku hizi wenye nyumba wa mtaa ule wananiita mimi, na injinia sijui yuko wapi.

Vijana wenzangu, tunadharauliwa kwa sababu ya namba tuliyoikuta kwenye mfano wa kwanza. Pandisha kasi. Pandisha na upande wa laptopu ulingane, la sivyo utaona herufi za ajabu. Ukishapandisha, hakikisha: tuma namba zinazopanda moja moja, na programu ndogo ya Python iangalie kama kuna iliyorukwa. Ikirukwa, badili kebo kwanza, maana Kariakoo kuna kebo za kuchajia simu tu. Bodi ya Arduino Leonardo isikusumbue, USB yake haiangalii namba hiyo ya kasi. GPS ya NEO-6M uliyoiunga kwa SoftwareSerial, siriali inayoigizwa na programu, iache kwenye 9600 yake, inatosha.

Halafu usivute waya wa siriali kutoka kwenye pampu hadi ghorofa ya tatu ukategemea 250000. Kwa umbali huo kuna RS-485, siriali ya masafa marefu. Mimi huomba kigoda, nakaa chini kulekule na laptopu, na watoto wa wapangaji wananiuliza kama natengeneza bomu.