Karatasi ya Kesi ya Ulevi Iko kwa Nani?

Sikukuu ya Julai Nne ikishapita, barua za "mkalimani, nisaidie" huongezeka. Safari hii karibu zote zinauliza namna ya kupata rekodi ya mtu aliyekamatwa akiendesha gari amelewa: yake mwenyewe, ya mchumba, ya aliyemgonga. Nimechagua chache. Mimi ni mkalimani wa mahakama hapa Columbus, Ohio, si wakili. Ninachokijua ni makaunta, fomu na makarani.

Nimetafuta neno DUI, yaani kuendesha ukiwa umelewa, kwenye tovuti ya mahakama ya hapa Columbus, sikupata hata kesi moja. Ina maana watu wa huku hawalewi?
*Mgeni wa Jiji, Columbus*

Wanalewa, tena vizuri tu. Ohio kosa hilo linaitwa OVI. Texas, Minnesota na New York ni DWI, Massachusetts na Maine ni OUI, Wisconsin ni OWI. Kila jimbo lilijipa herufi zake, na ukikosea herufi unaweza kudhani mji mzima ni wacha Mungu.

Ila usitafute kwa jina la kosa. Tafuta kwa jina la mtu au namba ya kesi. Kwa Columbus anza na karani wa Mahakama ya Manispaa ya Franklin County. Kutafuta mtandaoni ni bure. Ukiikosa hapo, usishangilie bado. Ohio kuna vijiji na vitongoji vyenye mahakama ya meya, na kosa la kwanza la OVI linaweza kuishia huko, jalada likakaa kwenye ofisi za mji ule. Na mtu akifikia kosa la nne ndani ya miaka 10, kesi inakuwa ya jinai nzito na kupanda mahakama ya juu ya kaunti, yenye karani wake mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulikosa. Mashtaka ya OVI mara nyingi hupunguzwa kwa makubaliano, mtu akakiri kosa la kuendesha ovyo. Anayesoma matokeo peke yake ataona "kuendesha ovyo" akapita. Fungua orodha ya mashtaka tangu siku ya kwanza, ndipo utaona kesi ilianza na nini. Lakini ukishaona, mtendee haki mwenzako: kushtakiwa si kupatikana na hatia.

Binti yangu anataka kuolewa na kijana anayeishi Milwaukee. Nimesikia kijana ana mkono mrefu kwenye chupa na aliwahi kukamatwa na gari. Hapa kwetu nikiwa na namba ya gari naangalia deni lake la faini kwenye simu. Huko nifanyeje?
*Mama Neema, Moshi*

Shikamoo mama. Marekani hakuna dirisha moja la nchi nzima ambalo mzazi anachungulia akamwona mkwe. FBI wanayo kumbukumbu, lakini wewe huwezi kuagiza ya kijana wa watu. Kila mtu huomba yake mwenyewe kwa alama za vidole na dola 18. Kwa mtu wa nje njia ni mahakama za kaunti alizoishi, na utahitaji jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Milwaukee iko Wisconsin, na Wisconsin wamekurahisishia: kesi za mahakama zao za kaunti ziko mtandaoni bure, na ukiwa Moshi unazifungua kama aliyeko Milwaukee. Lakini jimbo hilo lina maajabu yake. Kumkuta dereva amelewa kwa mara ya kwanza, kama hakuwa na mtoto ndani ya gari, si jinai kule. Ni kosa la madai, mtu analipa na kufungiwa leseni. Zaidi ya hapo, kesi hiyo ya kwanza inaweza kusikilizwa na mahakama ya mji, ambayo haimo kwenye tovuti ile. Kwa hiyo "rekodi safi ya jinai" kutoka Wisconsin haisemi chochote kuhusu mara ya kwanza. New Jersey nao wanaihesabu kama kosa la barabarani, si jinai.

Ndiyo maana ningekushauri njia ya kikwetu. Mshenga amwambie kijana aombe rekodi yake ya udereva kutoka idara ya leseni ya jimbo, ailete mwenyewe. Ni dola chache. Akiileta bila kununa, mama, umeshajua mengi hata kabla ya kuisoma.

Nilipata kazi ghalani, nikaondolewa kabla sijaanza. Ripoti yao inasema nina OVI mbili. Mimi ni mlokole, sijawahi kugusa pombe! Ni mtu mwingine mwenye jina kama langu. Tarehe ya kuzaliwa pia ni moja.
*Asiye na Hatia, Columbus*

Acha nibashiri: 1 Januari?

Barua hii ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Ndugu zetu wengi waliopita kambini Nyarugusu, Kakuma au Dadaab waliandikiwa 1 Januari kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti siku ya kuandikishwa. Majina yetu nayo ni yale yale: Juma Hassan, Amani Bahati. Sasa kampuni za kuchunguza watu hulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwa Mmarekani wa hapa hivyo viwili vinatosha kiasi. Kwetu sisi, hata mwaka ukiongezwa, unaweza kukusanya mstari mzima wa watu pale msikitini wanaolingana. Na karani akigeuza jina la baba likatangulia, unapata rekodi za watu wawili zilizochanganywa kama ugali na wali.

Fanya hivi. Kwanza, dai nakala ya ripoti. Sheria ya shirikisho inayosimamia ripoti hizi, FCRA, inamtaka mwajiri apate ruhusa yako ya maandishi kabla ya kukuchunguza, na akupe ripoti kabla hajakunyima kazi kwa ajili yake. Kama hakukupa, yeye ndiye mwenye kosa. Pili, ndani ya ripoti chukua namba za kesi zile mbili, nenda kwa karani wa mahakama husika, omba jalada. Mle utakuta anwani, urefu, rangi ya macho, namba ya leseni. Kimojawapo hakitafanana na wewe, na hicho ndicho ushahidi wako. Lipia nakala yenye muhuri. Tatu, iandikie kampuni iliyotoa ripoti, si mwajiri peke yake, uambatanishe nakala hiyo. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kurekebisha. Nne, agiza kumbukumbu yako ya alama za vidole. Jina tunagongana, kidole hatugongani.

Usikubali jibu la simu la "tutaangalia". Andika, tuma kwa posta iliyosajiliwa, tunza risiti.

Natafuta kazi ya lori. Waajiri wanaona mpaka wapi?
*Mzee wa Masafa, Houston*

Mbali, kaka. Mwenye leseni ya kibiashara, CDL, anapimwa kwa kiwango cha pombe kwenye damu cha 0.04 akiwa kwenye lori, nusu ya 0.08 ya dereva wa kawaida (Utah peke yao wameshusha hadi 0.05). Kosa la kwanza linakuondoa barabarani mwaka mmoja, na la pili kwa maisha, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo ukitoka harusini. Na tangu Januari 2020 kuna daftari la shirikisho linaloitwa Clearinghouse, ambalo kila kampuni lazima ilitazame kabla ya kukuajiri. Vipimo vya kazini ulivyofeli au kukataa vimo humo. Ingia ujisomee mwenyewe, ni bure. Usisubiri kusomewa na meneja.

Nilikamatwa 2011 jimboni kwingine, wakili akasema ilifutwa kabisa. Najaza fomu ya uraia. Niandike?
*Mama Bahati, Minneapolis*

Andika, dada yangu. Fomu N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa, na mbele ya uhamiaji kesi iliyofutwa na jimbo haijafutika. Wanazo alama zako za vidole tangu siku ile. Kesi ya zamani mara nyingi haiwaumizi watu. Kinachowaumiza ni kuificha.

Utakachohitaji ni karatasi ya matokeo ya kesi yenye muhuri wa mahakama. Mwandikie karani wa kaunti ile: jina ulilotumia wakati huo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kukamatwa, namba ya kesi kama unayo, na ombi la "nakala iliyothibitishwa". Hilo neno "iliyothibitishwa" lina bei yake, lakini picha uliyochapa kutoka kwenye tovuti haitakubaliwa. Ikiwa wameshaharibu majalada ya miaka hiyo, omba barua ya karani inayosema wametafuta na hawakukuta kitu. Barua hiyo nayo ni karatasi, iweke kwenye faili lako.

Kama zilikuwa kesi mbili, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua, katika shauri la Castillo-Perez, kwamba hukumu mbili au zaidi za kuendesha umelewa ndani ya kipindi kinachoangaliwa zinamfanya mtu adhaniwe hana mwenendo mwema mpaka athibitishe vinginevyo. Na ukiwa na shemeji Toronto, ujue kwamba tangu Desemba 2018 Kanada wanalihesabu kosa hili kuwa zito, wanaweza kukurudisha mpakani hata kwa moja.

Mlevi alimgonga mwanangu. Polisi walikuwa na kamera kifuani. Nina haki ya kuiona ile video?
*Baba Imani, Dayton*

Pole sana, baba Imani. Ohio ina sheria nzuri ya kumbukumbu za umma: unaweza kuomba bila kueleza sababu, wala hawawezi kukulazimisha utaje jina lako au uandike barua. Lakini andika, ili uwe na ushahidi wa tarehe. Taja siku, saa, njia panda, namba ya ripoti. Ripoti ya ajali huwa inatoka mapema. Video ni habari nyingine: tangu 2025 polisi wa Ohio wanaweza kutoza gharama ya kuiandaa hadi dola 75 kwa kila saa ya video, mwisho dola 750. Tena kesi ikiwa bado inaendelea wanaweza kuzuia baadhi ya sehemu.

Wewe lakini si mpita njia. Wapiga kura wa Ohio walipitisha haki za waathirika ndani ya katiba ya jimbo mwaka 2017. Nenda ofisi ya mwendesha mashtaka, uliza mhudumu wa waathirika, mwambie unataka kujulishwa kila tarehe ya kesi. Omba mkalimani, ni bure kwako. Na usimpeleke mtoto wa darasa la sita akutafsirie ripoti ya kaka yake aliyegongwa. Nimeyaona hayo kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, sitaki kuyaona tena.

Kuna tovuti imeweka picha yangu ya mahabusu, inataka dola 400 iitoe. Nilipe?
*Uso Wangu, Cincinnati*

Hapana. Ukilipa hii, itaibuka kwa mwenzake wiki ijayo. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku kutoza pesa kwa kuondoa picha hizo, na Ohio ni mojawapo. Piga picha ya skrini yenye dai lao la pesa, peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Ila OVI yenyewe, kama ulipatikana na hatia, Ohio haifichiki: sheria haikuruhusu kuitia lakiri, yaani kuifunga isionekane. Yeyote anayekuahidi kuisafisha anakuuzia hewa.

Na Kenya je? Nataka kumwajiri dereva wa familia.
*Mwajiri, Nyali*

Mwambie akuletee cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Anaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha anachukuliwa alama za vidole. Kesi za trafiki kwa hakimu ni nadra kuzikuta mtandaoni, kwa hiyo kama una jina la mahakama na mwaka, mtu wako aende masjala na namba ya kesi mkononi. Bila namba atazungushwa hadi saa ya chakula. Halafu mpigie simu bosi wake wa zamani. Ukiuliza habari za Jumatatu asubuhi, utasikia yote.