Lile neno "tu"

Wadogo zangu wawili wa mafunzo kwa vitendo, pamoja na ninyi mtakaokuja msimu ujao mkidhani ofisi ya Mtwara ni mahali pa kupunga upepo na kula pweza: jana jioni nimesoma memo yenu ya sheria ya ushindani juu ya Ryanair na Aer Lingus, mashirika mawili ya ndege ya Ireland. Ukurasa wa kwanza, mstari wa nne, mmeandika: "Ryanair ilikuwa na asilimia 29.8 tu ya hisa za mshindani wake, hivyo hapakuwa na jambo la kuchunguzwa." Nikafunga kompyuta, nikatoka nje, nikanunua ming'oko, nikala nimesimama. Hilo "tu" nalifahamu. Liliwahi kuniumbua mbele za watu. Nitawasimulia, ila kwanza kazi.

1. Asilimia iulizwe inaweza nini.

Ryanair walianza kujikusanyia hisa za Aer Lingus mwaka 2006, Serikali ya Ireland ilipolipeleka shirika lile kwenye soko la hisa, wakafika 29.8. Walipotaka kulimeza lote, Tume ya Ulaya ikawazuia mwaka 2007, ikawazuia tena 2013. Kuhusu zile hisa walizokwisha kununua, Tume ikasema haina nguvu ya kuwalazimisha waziuze kwa kuwa hazikuwapa udhibiti, na mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ikaafiki. Ninyi mkaishia hapo. Mkafunga faili, mkaenda ufukweni Shangani.

Waingereza hawakufunga faili. Sheria yao haingoji udhibiti kamili. Inatosha uwe na ushawishi wa maana juu ya sera za kampuni ya mwenzako. Agosti 2013 Tume ya Ushindani ya Uingereza ikaamuru hisa zile zishushwe hadi asilimia 5. Hesabu yao mngeipata kwenye karatasi ya sigara: azimio maalumu la wanahisa linahitaji robo tatu ya kura, na mwenye 29.8 analikwamisha akiwa amelala nyumbani. Shirika lolote lililotaka kuungana na Aer Lingus lilijua kuna mtu amekaa kizingitini na rungu mapajani. Hata nafasi za kutua na kuruka pale Heathrow, ambazo ndizo mali hasa, Aer Lingus isingekuwa huru kuzipanga itakavyo. Ryanair wakakata rufaa, wakashindwa, na mwaka 2015 wakaziuza zote kwa IAG, wenye British Airways, kwa euro 2.55 kila hisa.

Nakiri hoja ya Ryanair haikuwa ya kipuuzi. Walisema: miaka yote hiyo tuna hisa zao, na bado tunapigana nao kwa nauli kila siku, sasa madhara yako wapi? IAG walipokuja wakanunua bila kuzuiwa na mtu, Ryanair wakapata la kucheka. Andikeni na hilo. Memo isiyo na hoja ya upande wa pili ni barua ya mapenzi.

2. Hisa za kampuni na hisa ya soko, yaani sehemu ya soko ambayo kampuni inaishika, si ndugu. Kile kiwango cha asilimia kwenye sheria yetu kinahusu nguvu ya kampuni sokoni, kwa hiyo msimwandikie mteja kwamba "hajakifikia" wakati mnazungumzia hisa alizonunua. Kiswahili kimetuponza hapa, lakini ninyi mmezidi.

3. Fuateni gawio.

Chukueni mashua mbili zinazovusha watu kwenda Msangamkuu. Mwenye mashua ya kwanza akipandisha nauli, abiria wanahamia ya pili, naye anabaki anapiga makasia na mbu. Woga huo ndio unaomshikisha adabu. Sasa mpe asilimia 30 ya mashua ya pili. Akipandisha nauli, abiria watahama vilevile, ila kila shilingi ya faida wanayompelekea jirani, senti thelathini zinamrudia yeye mfukoni. Hajakaa kikao na mtu, hajapiga simu, hajatia saini popote, na woga umeshapungua. Wachunguzi wa njia za ndege hufuata hilohilo, njia moja moja: Dublin kwenda London ni soko lake, Dublin kwenda kwingine ni soko jingine. Na mnunuzi wa korosho mwenye hisa kwa mnunuzi mwenziwe mnadani? Hapo nawaachia wenyewe, msimu ukianza Oktoba mtaona macho ya watu.

4. Someni katiba ya kampuni. Yote.

Haya, hadithi niliyowaahidi ndiyo hii. Ilikuwa Dar, mwaka wangu wa pili kazini, ofisi yenye viyoyozi na vikombe vya chai vyenye majina yetu. Mteja alikuwa na malori barabara ya kusini, akataka kununua asilimia 26 ya kampuni ya mshindani wake aliyebeba mzigo njia ileile. Nikapewa faili siku ya Ijumaa niseme kama jambo hilo linatakiwa kupelekwa Tume ya Ushindani: mkataba wa ununuzi, mkataba wa wanahisa, katiba ya kampuni. Jumamosi nilikuwa nakuja huku, harusi ya binti wa mama mkubwa. Nikasema nitasoma ndani ya basi. Barabara ile mnaijua, mtu anaweza kusoma akahitimu. Mkataba wa ununuzi niliumaliza kabla ya Kibiti. Somanga nikanunua samaki. Nangurukuru nikashuka nikala tena, sijui kwa nini. Kutoka hapo hadi Mingoyo nililala mdomo wazi, na katiba ya kampuni nikaibandika dirishani kuzuia jua.

Jumanne niko Dar, memo inatakiwa saa nne. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Sentensi yenyewe naikumbuka kama namba ya simu ya nyumbani: "Mnunuzi anapata asilimia 26 tu, hivyo hapati udhibiti, na taarifa kwa Tume haihitajiki." Nikaisoma mara mbili kwa raha. Bosi alikuwa safarini, akaniamini, ikaenda kwa mteja kama ilivyo. Mteja akalipa nusu ya fedha. Wiki ileile meneja wake akaanza kuletewa orodha ya bei za yule mshindani kila Jumatatu asubuhi, na mimi nilijua, na sikuona tatizo.

Miezi miwili baadaye pakaitishwa kikao. Mwanahisa mwingine wa kampuni ile alikuja na wakili wake, mzee mmoja aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Hakuja kugombana. Aliomba chai isiyo na sukari, akafungua katiba, akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti yangu, hiki kifungu cha kumi na nne umekionaje?" Sikuwa nimekiona kwa namna yoyote ile. Akakisoma kwa sauti: bajeti ya mwaka haitapita, lori jipya halitanunuliwa na meneja mkuu hataajiriwa bila ridhaa ya kila mwanahisa mwenye zaidi ya robo ya hisa. Mteja wetu angevuka robo. Asilimia 26 ilikuwa inashika breki, tanki la mafuta na ufunguo wa lori. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inapima muungano kwa kubadilika udhibiti. Hakuna mahali inaposema udhibiti huanzia nusu. Na kiwango cha thamani cha kutoa taarifa kampuni zile zilishakipita mbali.

Chumba kizima kikanigeukia. Mteja alikuwa rika la baba yangu. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Alisema, "Mwanangu, si nililipa ili msome?" Nikaangalia kikombe changu chenye jina langu. Ununuzi ukafumuliwa, fedha zikarudishwa kwa mafungu, na mafaili yake yote yakahamia ofisi nyingine, hata ya kesi ya kiwanja ambayo haikunihusu. Bosi aliporudi hakuniita. Niliikuta memo mezani kwangu, haina alama yoyote ila duara moja la kalamu nyekundu kuzunguka neno "tu". Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, iko droo ya chini pamoja na risiti za umeme. Wewe mrefu uliiona wiki iliyopita ukaniuliza kama ni barua ya mtu.

Kwa hiyo jana, mnaelewa.

5. Hata hisa moja ihojiwe. Mwaka 1998 shirika la ndege la Northwest la Marekani lilikubali kununua kipande cha mshindani wake, Continental, takriban asilimia 14 ya mtaji, lakini kwa aina ya hisa zilizobeba zaidi ya nusu ya kura. Wizara ya Sheria ya Marekani ikawashtaki. Novemba 2000, kesi imeshaanza kusikilizwa, Northwest wakakubali kuzirudisha nyingi kwa Continental. Wakabakiwa pia na hisa moja, moja hesabuni, ya kuzuia Continental isiungane na shirika jingine. Hisa hiyo ilikaa hapo hadi 2008, Northwest walipokubaliana kuungana na shirika la Delta, ndipo Continental wakaikomboa kwa dola 100. Ming'oko ya ofisi nzima kwa wiki kadhaa. Nyie mngeandika "hisa moja tu".

6. Mkiona asilimia 49, msiseme mnunuzi hakutaka zaidi.

Kutaka walitaka. Mikataba mingi ya anga baina ya nchi hudai shirika limilikiwe kwa sehemu kubwa na kuongozwa na raia wa nchi yake. Marekani wageni hawapiti robo ya kura. Ulaya wageni hubaki chini ya nusu. Ndiyo maana British Airways waliingia USAir ya Marekani kwa asilimia 24.6 mwaka 1993, South African Airways wakachukua 49 za Air Tanzania mwaka 2002 wakaachana nazo 2006, na Kenya Airways wakachukua 49 za Precision Air mwaka 2003. Ndiyo, Precision hiihii ambayo ndege zake za ATR mnazipiga picha hapa uwanjani kwetu. Kwenye ndege, tarakimu ile huandikwa na sheria ya anga kabla mnunuzi hajafungua pochi, kwa hiyo haiwaambii chochote kuhusu hamu yake. Baada ya Precision kuuza hisa kwa wananchi mwaka 2011, Kenya Airways walibaki na 41 na ushei, mwanzilishi 42 na ushei, waliosalia wametawanyika. Nani anaongoza? Msinijibu kwa tarakimu. Niambieni nani anateua wakurugenzi, nani anaona bei kabla hazijatoka, na ratiba ya Nairobi inapangwa na ofisi ipi.

7. Tarehe. Ryanair walipoteza muda mwingi wakibishana kwamba Waingereza wamechelewa kufungua uchunguzi, mahakama zikawakatalia. Andikeni tarehe zote pembeni kabla ya kuandika chochote.

Memo naitaka kesho saa tatu, kabla printa haijapata joto la mchana ikaanza kumeza karatasi. Kwenye njia ya Dublin na London mmeandika vizuri, aya ile msiiguse. Wewe mfupi umenitumia ujumbe usiku kuuliza kama unaweza kuweka "pekee" badala ya "tu".

Hapana.